Zawadi ya Chakula kwa Mwanachuo: Hesabu Tatu

Wewe uko Hallonbergen, mdogo wako yuko chuo Dodoma, na mwezi huu anatimiza miaka 21. Kabla hujanunua chokoleti za kutuma kwa posta, tupige hesabu.

1. Ada. Tuseme zawadi ni krona 400 na ada ya kutuma ni krona 40. Asilimia 10 ya zawadi imeenda. Iunganishe na pesa ya nyumbani ya kila mwezi, ulipe ada mara moja, kisha mama amrushie mdogo wako kwa simu. Kiwango cha kubadilishia nacho hukata, kwa hiyo linganisha shilingi zinazofika.

2. Muda. Mwenye mkopo wa HESLB hupata bumu kwa awamu. Likiingia ni wali kuku, likikata ni chai kavu na andazi. Muulize linakata lini, zawadi ianzie hapo, hata kama bethdei imeshapita.

3. Namna. Mlipie kwa mama lishe anakokula kila siku. Sahani 20, tuseme kwa shilingi 2,500, ni shilingi 50,000. Waandikishane kwenye daftari, kila sahani ikikatwa. Kama anajipikia, mnunulie mchele, maharage, mafuta na dagaa. Ila uliza kwanza kama hosteli inaruhusu kupika.

Kinachobaki mpe mkononi anywe soda na wenzake. Ni siku yake bwana.