Mhudumu Azime Kompyuta ya Saiba Bila Nenosiri Lako

Una saiba hapa Mwihoko, kompyuta zinatumia Linux, tuseme Ubuntu au Mint. Anayefunga usiku atazizimaje bila wewe kumpa nenosiri lako? Usitafute pesa, kinachohitajika kimo tayari ndani ya mashine.

Kwa kawaida, aliyeketi mbele ya kompyuta akiwa peke yake huizima kupitia menyu, bila kuulizwa kitu. Mbona basi siku nyingine inadai nenosiri la msimamizi? Mara nyingi kuna akaunti nyingine ambayo haijafungwa. Labda mteja alikuwa akijaza ritani ya KRA, akaondoka bila kutoka. Programu iitwayo polkit, bawabu wa mfumo, hudai nenosiri ili kazi ya mwenzako isipotee. Hudai hivyo pia ukiingia ukiwa mbali, kupitia mtandao.

Wengi hutatua hili kwa kumtia mhudumu katika kundi la sudo, yaani la wasimamizi. Mimi nakataa. Atakuwa na uwezo wa kufuta faili zozote na hata kubadilisha nenosiri lako, na wewe ulitaka azime mashine tu.

Mpe ruhusa hiyo pekee. Ukiwa kwenye akaunti yako, fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, uandike:

sudo visudo -f /etc/sudoers.d/kuzima

Jina la faili lisiwe na nukta, la sivyo mfumo utalipuuza. Ndani yake andika mstari huu, na mahali pa "mhudumu" uweke jina la akaunti yake:

mhudumu ALL=(root) NOPASSWD: /usr/bin/systemctl poweroff, /usr/bin/systemctl reboot

Hifadhi kwa Ctrl+O kisha Enter (ukiona .tmp mwishoni mwa jina, usijali), halafu utoke kwa Ctrl+X. Ukikosea muundo wa mstari, visudo itakuonya kabla ya mabadiliko kuanza kutumika. Ndiyo maana hatutumii kihariri cha kawaida.

Sasa mhudumu ataandika "sudo systemctl poweroff" kuzima, au "sudo systemctl reboot" kuwasha upya. Amri hizi hazimngoji aliyebaki ndani, kwa hiyo aandike kwanza "who" aone ni akaunti zipi ziko wazi.

Ruhusa hizi hazizuii kidole, lakini. Kitufe cha kuwashia kikishikiliwa sekunde chache, mashine huzimika bila kumuuliza mtu. Kompyuta inayohifadhi kazi za wateja iweke nyuma ya kaunta.