SOMO LA KOMPYUTA: Kwa nini herufi mpya zinakula za zamani?



Vijana wengi hapa kambini wanajifunza kompyuta, na baadhi yetu tunasaidia kuchapa orodha za watoto kwa ajili ya chanjo na lishe. Kwa hiyo kosa dogo la kuchapa linaweza kumgusa mtoto wa jirani yako. Leo tujifunze kosa moja ambalo huingia kimya kimya.

Dalili zake ni zipi?
Umeandika mstari, kisha unaona umesahau neno katikati. Unarudi ili uliongeze. Badala ya maneno yaliyo mbele kusogea kulia, kila herufi unayochapa inafuta herufi moja iliyo mbele yake. Watu wengi hudhani kompyuta ina kirusi au imeharibika. Sivyo.

Sababu yake ni nini?
Programu ya kuandikia inaweza kuwa na hali mbili. Ya kwanza ni hali ya kuingiza: herufi mpya inapata nafasi na zingine zinasogea. Ya pili ni hali ya kuandika juu: herufi mpya inachukua nafasi ya ile ya zamani. Kinachobadilisha hali hizi ni kitufe kilichoandikwa Insert. Ukikibonyeza mara moja unaingia, ukikibonyeza tena unatoka. Ndivyo ilivyo katika Word ya mwaka 2003 na katika LibreOffice Writer. Kuanzia Word ya 2007, kitufe hicho hakibadilishi hali mpaka mtu akiruhusu kwenye mipangilio ya programu.

Wengine watasema, "Mimi sikugusa Insert." Tazama vitufe vya namba vilivyo upande wa kulia wa kibodi. Taa ya Num Lock ikiwa imezimika, vitufe hivyo haviandiki namba. Sifuri inakuwa Insert, nukta inakuwa kitufe cha kufuta, na 8 inapandisha mstari juu. Hivyo mtu anayechapa uzito wa kilo 8.0 bila kutazama kioo anaweza kupanda mstari wa mtoto mwingine, akafuta herufi moja, kisha akaingia katika hali ya kuandika juu. Yote hayo kwa vitufe vitatu!

Hatari iko wapi?
Chukua mfano huu. Mtoto ana miezi 18, lakini kwenye orodha imeandikwa 8. Unaweka alama ya kuandikia kabla ya 8 na kuchapa 1. Katika hali ya kuingiza unapata 18. Katika hali ya kuandika juu unapata 1. Hakuna anayeshtuka, kwa sababu watoto wa mwezi 1 wapo. Lakini mtoto wa miezi 18 anatakiwa kupata chanjo ya pili ya surua, na wa mwezi 1 hawezi kuitwa kwa chanjo hiyo.

Ufanye nini?
1. Acha kuchapa mara moja.
2. Shika Ctrl na ubonyeze Z, mara kwa mara, mpaka maneno yaliyofutwa yarudi. Fanya hivyo kabla ya kufunga kazi yako.
3. Bonyeza Insert mara moja. Kwenye baadhi ya kompyuta za kupakata utashika Fn kwanza.
4. Tazama chini ya dirisha la programu. Katika Word ya 2003, herufi OVR zikikolea, bado uko katika hali ya kuandika juu. Katika Writer utaona neno Overwrite.
5. Hakikisha taa ya Num Lock inawaka kabla ya kuchapa namba.
6. Soma orodha yote upya pamoja na mwenzako: mmoja anasoma daftari, mwingine anatazama kioo.

Kumbuka: kubonyeza Insert tena hakurudishi kilichokwisha kufutwa. Kunazuia tu kisiendelee kufutwa.

Nanyi wazazi, mna kazi yenu. Tunza kadi ya mtoto na uje nayo kliniki kila mara. Ukisikia umri au jina la mtoto limesomwa vibaya, usinyamaze kwa heshima. Sema, na onyesha kadi. Kompyuta haimjui mtoto wako, wewe unamjua.