Kufuatilia Historia ya Gari la Mashindano la Zamani: Mwongozo kwa Mafundi na Mawakala wa Forodha wa Kamina

Historia ya gari la mashindano ni dai, na dai huthibitishwa kwa vielelezo. Fundi au wakala anayepewa kazi hiyo ana wajibu wa shahidi, si wa dalali. Kwa hiyo ujira wake upangwe kabla ya ukaguzi, wala usitegemee bei ambayo gari litauzwa.

Majaribu ya kudai historia isiyo na vielelezo ni makubwa kwa magari yanayohusishwa na Safari Rally, mashindano ya Afrika Mashariki yaliyoanza mwaka 1953. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Mara mbili kati ya hizo usukani ulishikwa na Bert Shankland, akisaidiwa na Chris Rothwell, kutoka Tanzania. Lakini gari la aina hiyohiyo lilibeba familia na mizigo kote Afrika. Taa za ziada na rangi za mashindano hazithibitishi lolote.

Ukaguzi huanzia kwenye chuma. Namba ya chasisi isafishwe kwa kitambaa na mafuta ya taa, kamwe si kwa msasa, kisha ipigwe picha na kunakiliwa kwa kusugua penseli juu ya karatasi. Ribiti za kibati chenye namba ya chasisi zichunguzwe: zinazong'aa juu ya kibati kilichochakaa zinadai maelezo. Chini ya dashibodi na ndani ya buti ndimo rangi ya kwanza hubaki, pamoja na matundu yaliyozibwa ya vifaa vya mashindano. Injini tofauti peke yake si ushahidi wa udanganyifu, kwani injini za mashindano zilibadilishwa mara kwa mara. Vibao vya namba ya usajili navyo viaminiwe kwa kiasi: timu za viwanda zilizoea kuvihamishia kwenye bodi nyingine. Picha ya zamani yenye namba ileile huthibitisha kibao tu.

Nyaraka zifuatwe kwa njia ambayo gari lingeweza kupita. Reli ya Kamina hadi Kabalo, nchini Kongo, ilikamilika mwaka 1956, na tangu hapo mzigo wa Dar es Salaam uliweza kufika Kamina kupitia Kigoma, Ziwa Tanganyika na Kalemie. Magari mengine huingia kwa barabara kupitia Kasumbalesa na Lubumbashi. Hati ya mzigo ya reli, tamko la forodha na karte roz (hati ya usajili wa gari) zilinganishwe tarakimu kwa tarakimu. Nakala ziombwe kwa barua, kwa DGDA, mamlaka ya forodha ya Kongo, kwa mambo ya forodha, na kwa NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya, ikiwa gari lilisajiliwa huko. Ada ilipwe kwa stakabadhi. Kumbukumbu za kiwanda nazo ziulizwe. Pasipoti ya kiufundi ya FIA, shirikisho la kimataifa la magari, inaeleza ulinganifu wa gari na kanuni za enzi yake. Haithibitishi nani aliliendesha.

Ripoti itenganishe kilichoonekana, kilichoandikwa na kilichosimuliwa. Miaka isiyo na kielelezo iachwe wazi. Mmiliki ana haki ya kupata jalada lote, na majina ya wamiliki waliotangulia yasitangazwe bila ridhaa yao.

Namba ikionekana kufutwa au kugongwa upya, kazi isimame na mmiliki aarifiwe kwa maandishi. Fundi anayekubali kugonga namba nyingine anashiriki kughushi, hata kama mteja ndiye aliyeagiza.