SOMO JUU YA JINO LA AKILI: WAKATI GANI KULING'OA, WAKATI GANI KULIACHA

Leo hatutasema juu ya kupima watoto wala juu ya chanjo. Tutajifunza juu ya jino moja tu, lile la nyuma kabisa wanaloita jino la akili. Kwa nini tulifundishe kwa wamama? Kwa sababu linatoka kati ya miaka 17 na 25, na hiyo ndiyo miaka ambayo dada wengi wa hapa Mutoshi wako na mimba ya kwanza ao ya pili, na vijana wetu wanashuka kwenye mashimo kuchimba. Ni wewe, mama, unayesikia kilio cha usiku, na ni wewe utaulizwa: sasa tufanye nini?

Kwanza tuhesabu. Mutoto mudogo ana meno ya maziwa 20. Akifika miaka 6 hivi, gego la kwanza la ukubwa linatoka nyuma ya meno ya maziwa. Karibu na miaka 12 linatoka la pili. Kisha kinywa kinatulia miaka mingi, hata mutu anafikiri yamekwisha. Ndipo la tatu linakuja, na hilo ndilo la akili. Aliyepata yote manne, juu mawili na chini mawili, ana meno 32. Wengine wanapata mawili tu, wengine hata moja hawapati, na huo si ugonjwa. Linaitwa la akili kwa sababu linakuja wakati mutu amekomaa. Akili yenyewe haikai ndani yake, basi usiogope kwamba kijana aking'olewa atashindwa masomo!

Taabu yake ni nafasi. Taya likiwa na nafasi, jino linasimama sawa, linatafuna bukari kama wenzake. Nafasi ikikosa, linakuwa kama mutu wa tano kwenye kiti cha watu wane ndani ya taksi: linalala upande, linasukuma jirani, ao linatoka nusu na kubaki nusu chini ya nyama ya fizi. Ile nyama inalifunika kama kifuniko. Mabaki ya chakula yanaingia chini yake, muswaki haufiki, yanaoza, na fizi inavimba. Hapo mugonjwa anakuja kwetu akisema, “Mama, niko naumwa ku jino ya nyuma, mupaka ndani ya sikio, siwezi hata kukula.” Kinywa kinanuka, na kukifungua ni kazi. Watu wanasema ni mududu ndani ya jino. Hakuna mududu, mama. Ni uchafu na vijidudu visivyoonekana kwa macho.

Uvimbe ukiwa mudogo, anza nyumbani. Tia nusu ya kijiko cha chai cha chumvi ndani ya kikombe cha maji ya moto kidogo, sukutua mara kwa mara, zaidi kisha kula. Piga muswaki laini polepole mupaka nyuma kabisa, hata kama inauma. Kwa maumivu, mutu mukubwa anaweza kumeza parasetamoli, vidonge viwili vya miligramu 500, mara tatu kwa siku. Usiweke aspirini juu ya fizi, itaiunguza. Usitie maji ya batri: nimeona midomo iliyoungua vibaya kwa asidi ile, na jino lingali palepale linauma. Tena usimupeleke mutu kwa yule wa sokoni mwenye koleo moja kwa watu wote. Koleo lisilochemshwa vizuri linaweza kupitisha ukimwi na ugonjwa wa ini kutoka damu ya mumoja kwenda kwa mwengine.

Nilipokuwa ningali mwanafunzi wa uforomo, walileta kijana mumoja wa miaka 20 hivi. Siku sita alikuwa akinunua vidonge viwili viwili sokoni, vya rangi hii na rangi ile. Chini ya taya shingo lilikuwa gumu kama ubao, ulimi umeinuliwa, mate yanatiririka kwa sababu hakuweza kumeza. Usiku ule pumzi ilifungika. Mama yake aliniuliza, “Jino tu?” Munganga mumoja wa Ujermani, Ludwig, aliandika juu ya uvimbe huo tangu mwaka 1836, na hata leo unaua. Kwa hiyo ukiona uvimbe unashuka shingoni, homa kali, kumeza kwa shida, sauti imebadilika, ao kinywa hakifunguki, usingoje asubuhi. Nenda lopitali usiku uleule.

Sasa, wakati gani kuling'oa? Jino likivimbisha fizi mara kwa mara, ao mara moja lakini vibaya sana. Likioza hata haliwezi kuzibwa. Likiozesha jirani yake. Likileta usaha ao uvimbe ndani ya mufupa. Angalia huu wa mwisho: uvimbe wa taya unaokua polepole pasipo kuuma unadanganya watu, wanakaa nao miaka. Upelekwe mapema, upigwe radio.

Jino lisilo na taabu liachwe. Uingereza walikuwa wanang'oa mengi yenye afya, mupaka mwaka 2000 waganga wao wakapewa shauri la kuacha. Yangu mawili ya chini ningali nayo, na nimepita miaka 40. Ndani ya taya la chini, karibu na mizizi, kunapita mushipa wa fahamu; ukiumizwa, mudomo unaweza kubaki na ganzi siku nyingi, na mara chache ganzi haiishi.

Mama mwenye mimba, mwambie muforomo kwanza. Kazi inayoweza kungoja inafanywa vizuri zaidi mwezi wa ine mupaka wa sita, lakini usaha haungoji mwezi, unatunzwa wakati wowote. Kataa tetrasikilini: inaharibu rangi ya meno ya mutoto aliye tumboni. Aspirini na ibuprofeni usimeze pasipo shauri la munganga.

Neno moja la pembeni. Mutoto wa miaka 5 ao 6 akivimba taya na meno yake yakilegea, hilo si jino la akili, miaka yake haijafika. Kuna saratani ya watoto ambayo munganga Burkitt aliieleza kule Uganda mwaka 1958. Inakua mbio sana, lakini dawa inaipata ikiletwa mapema.

Kisha kung'olewa, uma kitambaa safi nusu saa. Siku ya kwanza usisukutue, usiteme-teme mate, usivute sigara, maana damu iliyoganda ndiyo inafunika kidonda. Kesho yake anza maji ya chumvi. Maumivu yakizidi siku ya tatu ao ya ine badala ya kupungua, rudi tuangalie.

Na wale wanaouliza kila mara juu ya sindano ya ganzi: ndiyo, unaweza kunyonyesha siku ileile.