Njeo na Mapenzi katika Riwaya ya Safari za Wakati

Katika Outlander (1991) ya Diana Gabaldon, Claire, muuguzi wa mwaka 1945, anajikuta Uskoti ya 1743. Huko anampenda Jamie, hali akijua kwamba mwaka 1746 waasi wa Uskoti watashindwa vitani Culloden. Watashindwa, au walishindwa? Hapo ndipo sarufi yetu inapobanwa: kwa Jamie ni -ta-, kwa Claire ni -li-, na tukio ni lile lile.

Hebu tulihamishie suala hili Nyeri. Binti wa leo ajikute katika msitu wa Nyandarua mapema mwaka 1956, ampende mpiganaji wa Dedan Kimathi. Anajua kwamba Kimathi atakamatwa tarehe 21 Oktoba na kunyongwa Februari 1957. Amwambie mpenziwe? Akinyamaza, -li- yake inageuka usaliti. Akisema, nani msituni atamwamini asimdhanie jasusi?

Nadhani mtihani wa mwandishi wetu ni mgumu kuliko wa Gabaldon, kwani Nyeri wangali wapo wazee walioyaona hayo utotoni. P. M. Kareithi, katika Kaburi bila Msalaba (1969), hakuhitaji ajabu lolote: msafiri ni msomaji mwenyewe, anayejua vita vilivyokwisha huku wahusika wangali wakisema kwa -ta-.