Nyigu Mdogo Aliyeokoa Kahawa

Mkulima akiona wadudu katika mibuni yake, wazo lake la kwanza huwa ni kutafuta dawa ya kunyunyiza. Lakini mmoja wa maadui wabaya sana waliopata kuingia katika kahawa ya Kenya hakushindwa kwa dawa. Alishindwa na nyigu ambaye ukubwa wake hauzidi punje ya ulezi. Habari ya jinsi nyigu huyo alivyotafutwa, akafugwa na kupelekwa mashambani yafaa kujulikana na kila mwenye shamba, hata asiye na mbuni mmoja.

Adui mwenyewe ni kidung'ata. Mwili wake ni laini, umefunikwa na nta nyeupe kama unga, naye hukaa kwa makundi penye vichipukizi na vikonyo vya matunda akifyonza utomvu. Hutoa maji matamu, na juu ya maji hayo huota ukungu mweusi kama masizi ya chungu. Mwaka 1923 alionekana kwa wingi katika wilaya ya Thika, na katika miaka iliyofuata akaenea katika mashamba mengi ya milimani. Hakubagua kati ya kahawa ya tajiri na chakula cha maskini: aliingia katika viazi vikuu na mbaazi vilevile, hata nyumba zisizouza kahawa zikapata hasara.

Wakulima walipaka grisi ukanda kuzunguka mashina ya mibuni. Jambo hilo laweza kumshangaza msomaji, maana kidung'ata hapandi na kushuka shinani kila siku. Wanaopanda ni sisimizi. Hao huyapenda yale maji matamu, nao huwalinda vidung'ata kama mchungaji alindavyo ng'ombe wake wa maziwa, wakimfukuza kila mdudu ajaye kuwala. Ukanda wa grisi ulisaidia, lakini kazi yake ilikuwa kubwa na gharama yake nzito.

Wataalamu nao walikuwa wakitafuta wadudu walao vidung'ata, wakawaagiza kutoka nchi za mbali. Walioletwa hawakufaa. Sababu yake ilikuwa jina tu! Kidung'ata wa Kenya alidhaniwa kuwa wa aina nyingine, inayopatikana katika nchi za ng'ambo, na kwa hiyo adui zake walitafutwa huko. Nyigu wa namna hii huchagua sana. Akipewa mdudu asiye wake, hamtaki. Miaka ikapotea hivyo, na shamba likizidi kuwa jeupe.

Mwaka 1935 mtaalamu wa wadudu, R. H. Le Pelley, alithibitisha kuwa kidung'ata huyo ni wa aina ya peke yake, akampa jina la Kenya. Ndipo ilipotambulika kuwa yupo Uganda pia, lakini huko ni wachache wala hawasumbui watu. Kumbe dawa iliyosafiriwa baharini ilikuwa kwa jirani. Nyigu wakakusanywa Uganda, wakaletwa Kenya kufugwa, na mwaka 1938 wakaanza kuachiliwa mashambani.

Ufugaji wa nyigu kwa kweli ni ufugaji wa adui kwanza. Katika kazi ya namna hii vidung'ata hulishwa ndani ya nyumba, mara nyingi juu ya maboga au machipukizi ya viazi, wakiisha kuwa wengi ndipo nyigu huingizwa. Nyigu jike humtoboa kidung'ata na kutaga yai ndani yake. Buu hutoka katika yai, likamla mwenyeji wake kutoka ndani mpaka abaki ganda gumu lililovimba. Kisha nyigu mpya hukata tundu la mviringo, akatoka kwenda kutafuta wengine. Mtu haumwi na nyigu huyu.

Kufikia mwisho wa miaka ya 1940 kidung'ata hakuwa tena msiba katika sehemu nyingi. Nyigu hawakummaliza kabisa, wala hawawezi, kwa kuwa akiisha wote na wao watakufa kwa njaa.

Lakini kazi hiyo huharibika upesi. Dawa kali zilipoanza kunyunyizwa ovyo katika mibuni baada ya Vita Kuu ya Pili, ziliua na rafiki. Wadudu waliokuwa hawasumbui sana, kama yule achimbaye ndani ya majani, wakazidi kwa kuwa waliokuwa wakiwala wamekufa.

Basi mkulima akiona vidung'ata, kwanza achukue kitawi akichunguze kwenye mwanga. Akikuta maganda makavu yenye tundu la mviringo, nyigu wapo kazini. Dawa ya kunyunyiza mti mzima ingojee. Atazame kama sisimizi wanapanda, akate matawi yanayogusa ardhi na magugu yanayoegemea mti, maana hayo ni madaraja yao, ndipo azuie njia ya shina. Na matawi aliyoyakata asiyachome moto siku ileile. Ayaweke hatua chache mbali na mibuni kwa wiki mbili au tatu, ili nyigu waliomo ndani ya maganda wapate kutoka na kurudi mitini.