Jina la Huyu, Uso wa Yule: Maswali na Majibu kuhusu Kadi za Zamani za Besiboli

Nchini Marekani, kadi ndogo zenye picha za wachezaji wa besiboli zilianza kutiwa ndani ya pakiti za sigara miaka ya 1880, kisha zikafuata pamoja na peremende na chingamu. Leo hukusanywa, hupigwa mnada, na wanahistoria huzitumia kujua sura za wachezaji waliokwisha kufariki. Shida ni kwamba baadhi zina jina la mtu mmoja na uso wa mwingine. Majibu yafuatayo yanaeleza jinsi kulinganisha picha kunavyofichua makosa hayo, na mahali ambapo njia hiyo hufika kikomo.

Kampuni iliyotoa kadi si ndiyo iliyomjua mchezaji? Ingekoseaje?

Dhana hiyo ndiyo inayoyapa makosa maisha marefu. Mchapishaji alifanya kazi na rundo la picha na orodha ya majina, na aliyeoanisha viwili hivyo hakuwa lazima mtu aliyewahi kumwona mchezaji ana kwa ana. Mwaka 1966 kampuni ya Topps ilitoa kadi ya Dick Ellsworth, mrushaji wa Chicago Cubs, lakini uso uliochapishwa ni wa Ken Hubbs, aliyekuwa mwenzake katika timu hiyohiyo. Hubbs alikuwa amefariki katika ajali ya ndege Februari 1964, na Topps yenyewe ilikuwa imetoa kadi ya kumkumbuka mwaka huohuo. Kadi ya Aurelio Rodríguez ya mwaka 1969 inaonyesha kijana mhudumu wa timu aliyeshughulikia magongo, na ile ya Gary Pettis ya mwaka 1985 inaonyesha mdogo wake. Ikiwa haya yalitokea katika zama ambazo nyuso za wachezaji zilijaa magazetini, hatuna sababu ya kuziamini bila kuzichunguza kadi za sigara za Old Judge za miaka ya 1880, ambazo kwa ajili yake mamia ya wachezaji walipigwa picha studioni, mbele ya mapazia yaleyale, wakijifanya kudaka mpira uliotundikwa kwa uzi.

Je, kila kadi yenye kasoro ina uso usio wake?

Hapana, na kutofautisha kasoro hizo ni kazi inayotangulia kuulinganisha uso. Wakati mwingine picha ni sahihi na maandishi ndiyo yaliyokosea. Katika seti maarufu ya T206, iliyotolewa kati ya 1909 na 1911, kadi ya mrushaji Joe Doyle ilichapishwa kwanza ikimweka katika timu ya New York ya Ligi ya Taifa. Huko alikuwako Larry Doyle. Joe alichezea New York ya Ligi ya Marekani. Mwaka 1952 baadhi ya kadi za Joe Page na Johnny Sain zilibadilishana maelezo ya mgongoni. Kuna pia picha iliyogeuzwa kama kwenye kioo: kadi ya Hank Aaron ya mwaka 1957 inamfanya aonekane akipiga kwa mkono wa kushoto, ilhali alipiga kwa wa kulia. Tena kuna mzaha wa wachezaji wenyewe. Lew Burdette, mrushaji wa mkono wa kulia, alijipanga kama wa kushoto kwenye kadi ya 1959, na Bob Uecker akafanya mfano wa hayo kwenye kadi ya 1965. Kwa hiyo mkono usio wake hautoshi kusema kwamba mtu si yeye. Tazama kwanza vifungo vya shati na herufi za kifuani: vikiwa vimegeuka, picha nzima imegeuka, na sikio unaloliona kuwa la kushoto ni la kulia.

Usoni, ni kipi cha kutazama?

Tazama kisichobadilika kwa urahisi. Uzito hupanda na kushuka, nywele hukatwa, ndevu hunyolewa, na pua ya mdakaji huweza kuvunjwa na mpira. Sikio ni shahidi imara zaidi. Alphonse Bertillon, ofisa wa polisi wa Paris aliyebuni mfumo wa kutambua wahalifu kwa vipimo vya mwili miaka ya 1880, alilipa uzito mkubwa kwa sababu umbo lake hutofautiana sana baina ya watu na hubadilika kidogo ukubwani. Angalia jinsi ukingo wa nje ulivyokunjwa, mikunjo ya ndani, na kama ndewe imeshikana na shavu au imeachana nalo. Baada ya hapo tazama umbali kati ya pua na mdomo wa juu, umbo la kidevu, na mstari wa nywele juu ya paji. Sharti ni kulinganisha picha zilizopigwa kwa pembe inayokaribiana. Mtu akiinamisha kichwa, masikio huonekana yamepanda; kamera ikisogezwa karibu, pua hukua na masikio hurudi nyuma. Tofauti inayoweza kuelezwa kwa pembe, mwanga au umri haijawa tofauti ya watu.

Nikikuta nyuso mbili zinafanana kabisa, si nimemaliza kazi?

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Kulinganisha picha kuna nguvu kubwa ya kukanusha na nguvu ndogo ya kuthibitisha. Ndewe iliyoshikana na ile iliyoachana, zikionekana wazi katika picha mbili nzuri za utu uzima, zinatosha kusema hawa ni watu wawili. Kufanana hakuna uamuzi wa namna hiyo, kwa kuwa watu wengi hufanana, na ndugu hufanana zaidi. Ndugu watano wa ukoo wa Delahanty walicheza ligi kuu, na kisa cha Pettis kinaonyesha jinsi damu moja inavyoweza kuwapita wachapishaji. Mfanano unakuruhusu kusema “huenda ni yeye.” Ili usogee mbele unahitaji ushahidi usiotokana na uso: maandishi ya mpiga picha kwenye kioo cha negativu, gazeti la wakati huo lenye picha hiyohiyo, au kumbukumbu kwamba mchezaji alikuwa katika timu hiyo msimu huo.

Lakini kama kadi nyingi zinaonyesha uso huo kwa jina hilohilo?

Zihesabu picha, usizihesabu kadi. Kampuni za sigara na peremende zilitumia tena na tena picha zilezile za studio, na wachoraji wao wakazitia rangi kwa namna tofauti. Picha moja ikishapewa jina lisilo lake, kosa hurithiwa na kila seti inayofuata, na kadi kumi zinazotokana nayo ni shahidi mmoja aliyenukuliwa mara kumi. Kabla ya kulinganisha lolote, tafuta picha ya asili. Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka mtandaoni mkusanyo wa Benjamin K. Edwards, wenye kadi takribani 2,100 za kati ya 1887 na 1914, pamoja na picha za shirika la habari la Bain. Hapo mchunguzi anaweza kuweka kadi kando ya picha za magazeti na kuona ni zipi hasa zilizopigwa kwa nyakati tofauti.

Sare ya timu haiwezi kutatua mzozo?

Inaweza, mradi ni sare iliyopigwa picha na si iliyochorwa. Timu zilibadilisha kola, herufi na kofia mara kwa mara, hivyo sare halisi hubainisha msimu, na msimu huondoa kila mchezaji ambaye hakuwako. Ila wachoraji wa kadi walihamisha watu kwa brashi. Katika T206 uso wa Kid Elberfeld unaonekana katika shati la New York na tena katika la Washington. Kwenye kadi ya Aaron ya mwaka 1956, picha ndogo ya mchezaji anayeteleza ni ya Willie Mays, ambaye kofia yake ilipakwa rangi ifanane na ya Braves, timu ya Aaron. Namba za mgongoni nazo hazisaidii picha za awali; New York Yankees walianza kuzivaa mwaka 1929.

Je, haya yote si hisia ya mtazamaji, ambayo programu ya kompyuta ingeiondoa?

Pingamizi hili lina uzito, kwa sababu aliyekwisha kuambiwa jina huuona mfanano anaoutarajia. Dawa yake ni utaratibu: changanya picha yenye utata na za wachezaji kadhaa wa timu hiyo na umri huo, kisha mpe mtu asiyejua majina azipange. Programu za kutambua nyuso hazikwepi tatizo. Kwenye kadi ya rangi hupima mkono wa mchoraji na nukta za wino, na hata kwenye picha safi hutoa kiwango cha kufanana, ambacho, kama tulivyoona, hakithibitishi mtu.

Basi matokeo ya uchunguzi yaandikwe vipi?

Yaandikwe kwa ngazi. “Si Ellsworth” na “ni Hubbs” ni madai mawili, na la kwanza linaweza kusimama bila la pili. Wakusanyaji hawapendi kadi isiyo na jina, kwa kuwa huvuruga orodha na bei, na kampuni za kukadiria kadi hazitoi suluhisho hapo: cheti chao husema kadi ni halisi na hali yake ikoje, hakisemi uso ni wa nani. Hata hivyo, kulijaza pengo kwa mchezaji anayefanana tu ni kurudia kosa lilelile la mchapishaji, safari hii kwa jina la utafiti. Jina la zamani likikanushwa na jipya likakosa ushahidi wa nje, nafasi ya jina iachwe wazi.